Eti Kuna Harufu ya Kumnasa Mwanaume?

Kama una mafua nakupa pole, maana mwezi huu mazungumzo yetu yote ni ya pua.

Tangu tulipogusia manukato kwenye toleo lililopita, meza yangu imejaa. Wapo walioandika kuuliza tofauti ya uturi na marashi. Yupo kaka mmoja aliyetaka nimwambie mkewe aache kufukiza udi chumbani kwa sababu kifua kinambana (kaka, mwambie mwenyewe, si analala pembeni yako?). Lakini barua iliyonikalisha chini ni ya dada mmoja wa Tanga. Kurasa nne, mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Jina lake nalihifadhi.

Dada huyu ana miaka 31, yuko kwenye ndoa mwaka wa nane, watoto wawili. Anasema mumewe amepoa. Halali nje, hapigi, hatukani, ila amepoa tu kama chai iliyosahaulika mezani. Basi shoga yake wa kazini akamuuzia kichupa cha "feromoni" kwa shilingi elfu tisini, na akampa stori yake kamili. Kwamba nondo jike hana haja ya kujipamba wala kutoka kwake. Anakaa zake kwenye tawi, anatoa harufu moja tu, na madume wanatoka mbali huko, kilomita na kilomita, wanamfuata kama wamefungwa kamba. Na hiki kichupa, akaambiwa, ni harufu hiyohiyo, ila ya binadamu.

Kajipaka mwezi mzima. Mume kaendelea kutazama mpira. Sasa shoga mtu anasema dozi ilikuwa ndogo, inatakiwa chupa ya pili, kubwa, ya laki moja na nusu. Zamu ya dada yetu ya kupokea upatu inafika mwisho wa mwezi huu, na hela hiyo alikuwa ameipangia ada na sare za mtoto mkubwa. Swali lake ni moja: "Hiyo habari ya nondo ni ya kweli, au ni longolongo?"

Nianze na alichouliza. Habari ya nondo ni ya kweli. Tena ni ya kweli kuliko hata alivyosimuliwa, na ndiyo maana biashara hii inanoga.

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane kwanza. Nondo ninayemsema hapa si chuma cha kujengea, wala si zile nondo wanazoshusha wanasiasa jukwaani, wala nondo za chuo tulizolamba wengine tukapigwa picha na joho. Ni yule mdudu ndugu wa kipepeo anayeruka usiku na kujigongagonga kwenye taa. Huyo huyo.

Basi, huko Ufaransa kusini, kwenye kijiji cha Sérignan, aliishi mzee mmoja aitwaye Jean-Henri Fabre. Alizaliwa 1823, akafariki 1915, na sehemu kubwa ya maisha yake ya uzeeni aliitumia kuchuchumaa uani akitazama wadudu. Asubuhi moja ya tarehe 6 Mei, nondo jike alitoka kwenye kifukofuko chake palepale mezani kwa mzee. Wafaransa wanamwita Tausi Mkubwa wa Usiku, na ndiye nondo mkubwa kuliko wote Ulaya. Akikunjua mabawa anaweza kufika sentimita 15. Fabre akamfunika na kawa la wavu wa waya, kama vile tunavyofunika chakula, kisha akaendelea na shughuli zake.

Ilipofika saa tatu usiku, nyumba ikaharibika. Mtoto wake mdogo wa kiume, nusu uchi, anarukaruka chumbani na kumwita baba yake aje aone nondo wakubwa kama ndege. Wamejaa chumba cha mtoto, wamejaa jikoni, wanazima mshumaa kwa mabawa. Walipofika kwenye chumba cha kazi wakakuta madume wamelizunguka lile kawa. Mzee alihesabu kama 40 usiku ule wa kwanza, na kwa siku nane hivi jumla yao ikafika kama 150. Na hao si nondo waliokuwa wamejaa tele kijijini. Mzee mwenyewe alikuwa akiwatafuta kwa tochi, kama tunavyosema. Sasa walitoka wapi, na nani aliwaambia?

Fabre hakuwa mtu wa kukurupuka. Alimhamisha jike kutoka chumba hadi chumba; madume wakamfuata. Alimfungia kwenye kopo lililozibwa kabisa. Hakuja hata mmoja. Akaacha upenyo kidogo tu; wakaja. Akaweka naftalini, zile gololi nyeupe za kabatini, akidhani ule ukali wake utaizidi harufu ya jike. Wakaja vilevile, wala hawakubabaika. Pua yake mzee haikuwa inasikia chochote, kwa hiyo ikamwia vigumu kuamini kwamba ni harufu, akafika mahali pa kuwaza labda ni mawimbi ya namna fulani.

Lakini jaribio lililonigusa mie alilifanya baadaye, kwa nondo wa aina nyingine. Alimchukua jike akamweka ndani ya kioo kilichofunikwa vizuri, dirishani, mwanga wote unamwangaza. Huwezi kumkosa. Kule pembeni ya chumba akaacha sinia la mchanga alikolala yule jike usiku uliotangulia. Madume wakaja kama kawaida. Wakampita pale dirishani kama hawamwoni. Wakaenda kuhangaika juu ya sinia tupu.

Rudia kusoma hapo, mwenzangu. Jike mwenyewe yupo, mzima, mbele ya macho yao. Wao wanabembeleza mchanga. Ukiniambia hayo ni mapenzi nitakuuliza unamaanisha nini, maana aliyependwa pale si yeye, ni alichokiacha kwenye sinia.

Kujua hicho alichokiacha ni kitu gani hasa kulichukua muda mrefu sana. Kazi hiyo ilifanywa na Mjerumani Adolf Butenandt, mtaalamu wa kemia ambaye harufu ngumu hazikumtisha. Huyu ndiye aliyewahi mwaka 1931 kupata homoni ya kiume kutoka kwenye maelfu ya lita za mkojo wa askari polisi. (Ndiyo, kuna watu wana digrii na hiyo ndiyo kazi.) Mwaka 1939 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya homoni, serikali ya Hitler ikamlazimisha aikatae, hati yake akaja kuipokea baada ya vita.

Kwa upande wa nondo alimchagua nondo wa hariri, kwa sababu anafugwa kwa wingi na ni mpole. Nondo huyu amekaa mikononi mwa binadamu kwa maelfu ya miaka tangu China ya kale, hata kuruka hawezi tena. Dume akisikia harufu ya jike anapigapiga mabawa na kuzunguka akimtafuta kwa miguu. Hiyo ngoma yake ndiyo iliyokuwa kipimo: wanachuja dawa, wanachovya kijiti cha kioo, wanamsogezea dume. Akicheza, wako kwenye njia sahihi. Asipocheza, warudi nyuma. Kwa mtindo huo walitumia kama miaka 20 na tezi za majike wapatao 500,000, na walichopata mwishoni ni miligramu chache tu, kiasi ambacho ukikiweka kwenye kijiko cha chai hukioni. Mwaka 1959 wakakitangaza: bombikoli, kutokana na jina la kisayansi la nondo wa hariri. Mwaka huohuo wanasayansi wengine wawili, Peter Karlson na Martin Lüscher, walilianzisha neno feromoni, kutoka maneno ya Kigiriki ya kubeba na kuamsha. Kwa hiyo neno lililoandikwa kwenye kichupa cha dada yetu lina umri wa bibi wa makamo, na lilizaliwa kwa ajili ya wadudu.

Sasa njoo kwa dume. Hana pua. Ana vile vitu viwili kichwani, vipapasio, na ukivitazama kwa karibu havifanani na uzi bali na unyoya wa ndege au kitana chenye meno pande zote mbili. Kazi ya umbo hilo ni moja, kuchuja hewa. Kila kipapasio cha dume wa nondo wa hariri kina nywele ndefu za kazi hii takriban 17,000. Kila unywele una seli mbili za fahamu ndani yake, na moja kati ya hizo mbili haina habari na kitu kingine duniani isipokuwa bombikoli. Fikiria ofisi yenye wafanyakazi 17,000, kila mmoja anasubiri simu ya mtu mmoja tu.

Unywele wenyewe umetobolewa vitundu visivyoonekana kwa macho. Molekuli ya harufu inadondokea juu ya unywele, inapenya tunduni, inakuta ndani kuna majimaji. Hapo pana shida kidogo, kwa sababu harufu hii ina asili ya mafuta, na mafuta na maji unajua hayapatani. Basi kuna protini maalumu inayoipakia na kuivusha, kama bodaboda anavyokuvusha dimbwi la Jangwani usilowe, hadi inaishusha mlangoni kwa seli ya fahamu. Hawa bodaboda waligunduliwa mwaka 1981. Mlango wenyewe, yaani kipokezi cha bombikoli, ulitambuliwa na Wajapani mwaka 2004. Na baada ya ujumbe kufika, vimeng'enya vinaivunjavunja ile molekuli haraka, kusudi isiendelee kupiga kelele wakati mwenyewe keshahama. Hapo nondo ametuzidi. Sisi wengine meseji ya 2009 bado tunaisoma.

Kipapasio hiki kina usikivu kiasi gani? Mjerumani mwingine, Dietrich Schneider, mwaka 1957 alitafuta njia ya kuunganisha kipapasio na nyaya nyembamba na kupima umeme mdogo unaotoka humo kila harufu inapopita. Baada yake Karl-Ernst Kaissling na wenzake wakaonyesha kwamba molekuli moja, moja tu, inatosha kuistua seli moja ya fahamu. Na zikifika kama 200 hivi ndani ya sekunde moja kwenye nywele zote kwa pamoja, dume anaanza ngoma. Mia mbili kwa harufu si kitu. Pafyumu uliyojipulizia asubuhi ukikosa kuikamata hata wewe mwenyewe, bado imebaki na molekuli ambazo tarakimu zake hazienei kwenye mstari huu.

Kituko ni kwamba jike wa nondo wa hariri mwenyewe hainusi harufu yake. Vipapasio vyake havina seli za bombikoli. Anaita asichokisikia.

Na kwa wale nondo wanaoruka, kuisikia harufu haitoshi, maana harufu haimwambii jike yuko wapi. Haisambai hewani kama barabara ya lami. Upepo unaikatakata vipande vipande, nyuzi nyuzi, hapa ipo hapa hakuna. Dume akigusa uzi mmoja anageuka kuukabili upepo na kusonga mbele. Akiipoteza anaanza kwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, mpaka aiguse tena. Ukimwona gizani utasema kalewa. Anayemwelekeza ni upepo. Harufu kazi yake ni kumwambia tu "endelea" au "tafuta tena".

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu najua kaka zangu wanaosoma gazeti hili kwenye saluni za wake zao. Kuna msemo wanaupenda: "Sisi ndivyo tulivyoumbwa, mwanaume akisikia harufu anakwenda, ni maumbile." Haya, tuulizane. Nondo aliyeumbwa hivyo kweli anafuata harufu ya aina yake peke yake. Kuna nondo wa mahindi huko Ulaya na Marekani mwenye makundi mawili. Majike wa makundi yote mawili wanatumia viambato vilevile viwili, ila kundi moja linachanganya 97 kwa 3, na jingine 1 kwa 99. Kama vile nyumba mbili zinapika kwa viungo vilevile, moja ikatoa pilau na nyingine mchuzi. Dume wa kundi hili akikutana na mchanganyiko wa kundi lile kwa kawaida anapita zake. Kaka, wewe unayesema umeumbwa kama nondo, una uchaguzi wa namna hiyo?

Halafu hujasikia habari za buibui. Huko Amerika kuna buibui jike ambaye hafumi utando kama wenzake. Ananing'iniza uzi mmoja wenye tone la gundi mwishoni, kisha anatoa mwilini mwake harufu inayofanana na ya nondo jike. Dume anakuja mbio, amejaa matumaini, anatandikwa na tone la gundi, analiwa. Na wanaokuja pale ni madume watupu. Kuna aina moja ya buibui hao inayokamata nondo wa aina fulani mapema jioni na wa aina nyingine usiku ukishakuwa mkubwa, na mchanganyiko wa harufu unabadilika kwa saa. Zamu ya kwanza na zamu ya pili, kama kiwandani. Huwezi kuwa na mlango unaofunguliwa na ufunguo mmoja tu halafu usipate mwizi wa kuchonga ufunguo.

Tena wakati mwingine ufunguo unafanana kwa bahati tu. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba tembo jike wa Asia (si hawa wetu wa Mikumi) anapokuwa tayari kupandwa, mkojo wake una kemikali ileile inayotumiwa na aina zaidi ya 100 za nondo. Kemikali moja, tembo na nondo. Usihofu, hawakosei nyumba. Nondo anatoa kiasi kidogo mno na kwa kawaida anachanganya na vitu vingine, na tembo hajaonekana akibisha hodi kwa nondo.

Sasa turudi kwa binadamu, na hapa dada wa Tanga vuta kiti.

Wanasayansi wametafuta feromoni ya binadamu kwa miaka mingi. Mpaka leo hakuna hata moja iliyothibitishwa kwa kiwango kile cha bombikoli, yaani kuipata, kuitambua, kuitengeneza, kisha kuonyesha kwamba hiyo na si nyingine ndiyo inayofanya kazi. Mwaka 2015 Tristram Wyatt wa Oxford, ambaye maisha yake ni feromoni, alipitia ushahidi uliokuwepo akasema wazi kwamba vile viambato vinavyotajwa kila mahali, androstadienoni na estratetraenoli, havina ushahidi wa maana nyuma yake. Viliingia mjini mwaka 1991 kupitia mkutano uliofadhiliwa na kampuni iliyokuwa na mpango wa kuviuza. Kile kiungo ndani ya pua ambacho wanyama wengi wanakitumia kunasa harufu za namna hii, sisi watu wazima tumebaki na alama yake tu. Nyaya za kwenda kwenye ubongo hazipo.

Kuna jaribio maarufu la Uswisi la mwaka 1995 ambalo huenda umelisikia. Claus Wedekind aliwavalisha wanaume 44 fulana kwa usiku mbili bila manukato, akawapa wanawake 49 wazinuse. Kwa wastani walipendelea fulana za wanaume ambao kinga zao za mwili kimaumbile zilitofautiana na za kwao, na waliokuwa wakimeza vidonge vya uzazi wa mpango walipenda kinyume. Linavutia, silidharau, ila majaribio yaliyofuata yalitoa majibu mchanganyiko. Na hata kama lingekuwa sahihi asilimia mia, linachosema ni kwamba kila mtu ana harufu yake na kila pua ina chaguo lake. Hiyo huwezi kuitia kwenye chupa moja ukawauzia wote, kuanzia Tanga hadi Tunduma.

Basi kwenye chupa kuna nini? Inategemea nani kaitengeneza, lakini kiambato kinachopendwa sana na watengenezaji wa pafyumu za "feromoni" kinaitwa androstenoni. Hiki kweli ni feromoni. Kazi yake inajulikana, na inauzwa kwa wafugaji ikiwa kwenye makopo ya kupuliza. Ni ya nguruwe. Inatoka kwenye mate ya nguruwe dume, na nguruwe jike aliye tayari akiipata anasimama wima hatingishiki. Ndiyo kazi yake, shoga yangu. Kwa upande wa watu, wapo wasioisikia kabisa, na kati ya wanaoisikia wapo wanaosema ni kama jasho au mkojo. Sasa fikiria umejipaka hiyo nyuma ya masikio, umekaa kwenye kochi, unasubiri.

Sisemi harufu haina kazi nyumbani. Nani atathubutu kusema hivyo mbele ya wanawake wa mwambao, na vyetezo vyao, na udi kwenye khanga, na kikuba cha asumini kifuani? Lakini ile inafanya kazi kwa njia nyingine. Mume anaujua udi ule kwa sababu ameusikia siku za furaha yake: siku ya harusi, siku za Idi, usiku ambao watoto walilala mapema. Harufu imefunzwa, na mfunzaji ni yale maisha mliyoishi pamoja. Yule ambaye hajawahi kuishi nawe, udi huohuo utamkumbusha nyumba ya shangazi yake tu.

Kwa hiyo, dada, hela ya upatu ipeleke kwenye ada na sare. Chupa ya pili usinunue, hata kwa mkopo, hata kwa nusu bei. Shoga yako simlaumu sana, huenda na yeye kauziwa stori hiyohiyo. Kichupa ulichonacho ukikipenda harufu yake jipake, ukichoka kitupe.

Ila kuna kitu nimekiona kwenye barua yako na lazima nikiseme. Kurasa nne, na karibu zote zinazungumzia harufu: ulijipaka wapi, mara ngapi, alikusogelea au hakukusogelea. Katikati ya ukurasa wa tatu, ndani ya mabano, umeandika kwamba tangu walipoanza kupunguza watu kazini kwao mwezi wa pili, hapendi kuongea. Ndani ya mabano, dada yangu! Ulivyosema amepoa tangu lini? Hukusema. Mie hesabu zangu zinaniambia ni mwezi wa pili. Sijui kama jina lake liko kwenye orodha, sijui kama analijua mwenyewe. Lakini ukimkuta mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwenye watoto wawili na mpango wa ada unaomngoja, anaukodolea macho mpira bila kushangilia goli, hapo shida haiko puani mwake. Muulize. Usimuulize kwa kikao wala mbele ya mama mkwe. Muulize watoto wakishalala, na umwambie kabisa kwamba ada ya mkubwa ipo, upatu unatoka mwisho wa mwezi. Mwanzie hapo, kwenye ada. Niandikie tena ukishamuuliza, nitafurahi kujua.

Nimalizie kwa kaka mmoja wa Morogoro anayelima nyanya, aliyeandika kuuliza kama hii feromoni inafaa kitu chochote kwa Mtanzania wa kawaida. Inafaa, kaka, na pengine umeshaiona. Yule mdudu wa nyanya mliyembatiza kanitangaze, aliyetoka Amerika ya Kusini na kutufikia miaka ya 2010, mtoto wake anachimba majani na matunda lakini mzazi wake ni nondo mdogo wa kijivu. Maduka ya pembejeo yanauza kipande kidogo kilicholoweshwa harufu ya jike wake. Unakining'iniza juu ya beseni la maji yenye sabuni katikati ya shamba. Asubuhi unahesabu madume walioelea, na kwa hesabu hiyo unajua kama wadudu wanaongezeka na kama umefika wakati wa kuchukua hatua, badala ya kumwaga sumu kila wiki kwa kubahatisha. Viwavijeshi nao wanachunguzwa kwa mtindo huohuo, na wakulima wa Kilosa wamewahi kufundishwa kuhesabu wenyewe.

Usitegemee tu kwamba beseni peke yake litamaliza kazi. Dume mmoja wa kanitangaze anapanda majike kadhaa katika maisha yake mafupi, kwa hiyo hata ukiwanasa wengi, wachache waliopona wanatosha. Na majike hawaji kwenye beseni kabisa. Wao wako palepale, chini ya majani, hatua mbili kutoka kwenye maji, wanataga.